Ahadi ni Deni: Lugha ya Waajiri Wanapowaeleza Wanafunzi Ahadi za Kutunza Mazingira, kwa Mfano wa Ukanda wa Salama, Makueni

Ikisiri

Makala haya yanachunguza namna mwajiri anavyoweza kuwaeleza wanafunzi wa vyuo vikuu ahadi zake kuhusu mazingira ili wavutiwe kumfanyia kazi. Mfano uliotumiwa ni ukanda wa Salama, ulio kwenye barabara kuu ya Nairobi–Mombasa katika Kaunti ya Makueni, pamoja na maeneo jirani ya Kaunti ya Kitui. Yakiongozwa na Nadharia ya Vitendo Uneni, makala yanajenga hoja kuwa ahadi ya mazingira humvutia mwanafunzi pale sarufi yake inapomtaja mtenda, tendo, mahali, kiasi na wakati. Na kwamba mambo hayo yakikosekana, ahadi hugeuka kuwa pambo. Mwishoni, makala yanaonyesha nafasi ya mwanafunzi wa Kiswahili katika kazi hiyo.

1.0 Utangulizi

Waswahili husema, chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Kwa kuizingatia methali hii, mtu anaweza kudhani kwamba mwajiri anayetunza mazingira hana haja ya kujieleza, kwani matendo yake yatamsemea. Dhana hiyo ina upungufu. Mwanafunzi wa mwaka wa mwisho aliyeketi katika ukumbi wa mihadhara hakioni kiwanda, haoni bomba la maji taka wala kitalu cha miche. Anachokiona ni tangazo la kazi lililobandikwa ubaoni au kutumwa kwa simu. Kwake yeye, maneno ndiyo kiwanda. Maneno hayo yakiwa matupu, humfikia kama kiwanda kitupu.

Watafiti wa masuala ya ajira wamelishughulikia suala hili kwa muda mrefu. Turban na Greening (1997) walionyesha kuwa kampuni zinazojulikana kwa mwenendo mwema katika jamii, ikiwemo katika mazingira, huwavutia zaidi watafutao kazi. Baadaye, Jones, Willness na Madey (2014) walieleza sababu tatu za mvuto huo. Kwanza, mtu hutarajia kuona fahari akitajwa pamoja na mwajiri wa aina hiyo. Pili, huona kwamba maadili ya mwajiri yanalingana na yake. Tatu, huchukulia kwamba mwajiri anayeijali ardhi na jamii atamjali pia mfanyakazi wake. Sababu hii ya tatu ni nzito, kwa kuwa inaifanya ahadi ya mazingira isomwe kama ahadi kuhusu mshahara, usalama na heshima kazini.

Tafiti hizo zilifanyika Amerika ya Kaskazini na zilijikita katika sifa ya kampuni, si katika lugha inayoijenga sifa hiyo. Pengo hilo ndilo linaloshughulikiwa hapa. Swali la msingi ni hili: ni Kiswahili cha namna gani kinachoifanya ahadi ya mazingira iaminike na mwanafunzi anayetafuta kazi?

2.0 Ukanda wa Salama na Msomaji wa Tangazo

Salama ni kituo cha biashara kilichoko kati ya Malili na Sultan Hamud, katika eneo bunge la Kilome. Kwa kuwa kiko kwenye barabara kuu, Kiswahili hukutana hapo na Kikamba kila siku: Kikamba cha nyumbani, Kiswahili cha njiani na cha biashara, na Kiingereza cha ofisini na cha darasani. Upande wa Nairobi, katika ardhi ya Malili yenye ekari 5,000, ndiko unakojengwa mji wa teknolojia wa Konza, mmojawapo wa miradi mikuu ya Ruwaza ya Kenya ya 2030. Rais Mwai Kibaki aliuzindua ujenzi wake mnamo Januari 2013. Upande wa mashariki, Mto Athi unaitenganisha Makueni na Kitui, na huko Kwa Vonza ndiko iliko bewa kuu la Chuo Kikuu cha South Eastern Kenya, kilichopewa hati ya kujitegemea mwaka 2013. Kwa hiyo mwanafunzi wa ukanda huu anaishi karibu na waajiri wa teknolojia, wa kilimo, wa usindikaji wa matunda, wa ujenzi na wa uchukuzi.

Mwanafunzi huyo hukutana na suala la mazingira kabla hajalisoma kwenye tangazo lolote. Ukambani ni nchi ya nusu kame. Mvua hunyesha kwa misimu miwili, na ile ya Oktoba hadi Desemba ndiyo inayotegemewa zaidi. Wazee wake walichimba matuta ya kuzuia mmomonyoko wa udongo wakiwa katika vikundi vya mwethya, yaani vikundi vya kusaidiana kazi. Tiffen, Mortimore na Gichuki (1994) walifuatilia historia ya Wilaya ya Machakos ya zamani, ambayo ilijumuisha Makueni, kuanzia mwaka 1930 hadi 1990. Walionyesha kwamba katika kipindi hicho idadi ya watu iliongezeka zaidi ya mara tano, na bado udongo ukahifadhiwa vizuri zaidi kuliko awali. Mjukuu wa waliochimba matuta hayo anajua kazi ya kutunza ardhi inavyofanana: ina jembe, ina siku yake, na ina majina ya waliokuja na wasiokuja.

Aidha, suala hili limekuwa la mvutano. Mchanga wa mito ya Makueni huhifadhi maji katikati ya punje zake na kuyakinga dhidi ya jua, ndiyo maana wakazi huchimba visima katika mito iliyokauka. Mchanga huohuo unahitajika na wajenzi wa mijini. Mwaka 2015 Kaunti ya Makueni ilipitisha sheria ya kuhifadhi na kudhibiti matumizi ya mchanga, na mwaka huohuo ikaweka kanuni za hazina ya mabadiliko ya tabianchi. Mapema mwaka 2018, Kaunti ya Kitui nayo ilipiga marufuku uchomaji na usafirishaji wa makaa. Nyuma ya sheria hizi kuna vijana waliopata riziki kwa kupakia mchanga malorini usiku, huku mama zao wakitembea mbali zaidi kutafuta maji kwa kuwa mto umebaki mwamba.

Hapa ndipo uzito wa mada hii unapoonekana. Kwa mwanafunzi wa Salama, kazi na mazingira si mambo mawili yanayokutana kwenye ripoti ya kampuni. Mwajiri anayemchukua anaweza kuwa ndiye anayeumaliza mto wa kwao, au ndiye anayeulinda. Vilevile, anapoajiriwa huwa shahidi wa mwajiri wake kijijini. Ataulizwa kuhusu lori lililopita usiku na kuhusu maji yaliyobadilika rangi, na atajibu kwa jina lake mwenyewe.

Kuna pingamizi linalostahili kujibiwa. Yupo atakayesema kwamba katika nchi ambamo wahitimu wengi hawana kazi, mwanafunzi hana nafasi ya kuchagua mwajiri kwa sababu ya miti na maji. Atapokea kazi itakayotokea. Pingamizi hili lina ukweli ndani yake, na mwajiri asilichukulie kuwa ni ruhusa ya kusema lolote. Kupokea kazi ni jambo moja na kudumu nayo ni jingine. Mhitimu aliyevutwa kwa maneno ya uongo huondoka mara mlango mwingine unapofunguka, na anapoondoka huwasimulia wenzake walio chuoni. Isitoshe, wanafunzi walio bora katika fani zinazohitajika hugombewa na waajiri wengi hata nyakati ngumu. Hao ndio wanaosoma tangazo kwa makini zaidi.

3.0 Ahadi kama Tendo Uneni

Kwa mujibu wa Austin (1962), kusema kunaweza kuwa ni kutenda. Anayesema "naahidi" haelezi habari. Anatenda tendo la kuahidi. Searle (1969) aliendeleza mawazo hayo na kubainisha masharti yanayofanya ahadi iwe ahadi. Kwa muhtasari, ahadi sharti ihusu tendo la baadaye. Tendo hilo liwe la msemaji mwenyewe. Msikilizaji awe analitaka. Lisiwe jambo ambalo lingefanyika hata bila ya kuahidiwa. Msemaji awe na nia ya kweli. Na kauli yake imfunge kulitekeleza. Hekima hiyo Waswahili waliifumba zamani katika maneno matatu: ahadi ni deni.

Masharti haya yanafichua udhaifu wa kauli nyingi za kimazingira. Chukua kauli kwamba "kampuni yetu haitoi mifuko ya plastiki kwa wateja". Nchini Kenya mifuko hiyo ya kubebea bidhaa ilipigwa marufuku kuanzia tarehe 28 Agosti 2017. Anayetoa kauli hiyo anasema tu kwamba anatii sheria, na kutii sheria ni wajibu wa kila mtu. Chukua pia kauli kwamba "tunatumia umeme safi", inapotolewa na kampuni iliyounganishwa na gridi ya taifa bila mtambo wake wowote. Sehemu kubwa ya umeme wa gridi ya Kenya hutokana na mvuke wa ardhini, maji na upepo. Kwa hiyo kampuni hiyo haina tofauti na kinyozi wa Salama anayetumia umeme huohuo. Kauli zote mbili ni za kweli, lakini hazitimizi sharti la Searle kwamba jambo linaloahidiwa lisiwe lile ambalo lingekuwapo hata hivyo.

Mwanafunzi aliyesoma nadharia hii anaweza kulipima tangazo lolote kwa swali moja: je, msemaji amejifunga kufanya nini ambacho asingekifanya bila ya kuahidi? Mwajiri mwerevu hujiuliza swali hilo kabla hajaulizwa.

4.0 Sarufi ya Ahadi

Kiswahili kina vipengele vya kisarufi vinavyoweza kuiimarisha ahadi au kuidhoofisha. Vipengele vinne vinajadiliwa hapa.

4.1 Mtenda

Kitenzi cha Kiswahili kwa kawaida hubeba kiambishi cha nafsi. Anayesema "tutapanda" amejitaja ndani ya kitenzi chenyewe. Lakini lugha inampa pia nafasi za kujificha. Nafasi ya kwanza ni kauli ya kutendwa: "mazingira yatatunzwa". Yatatunzwa na nani? Nafasi ya pili ni unominishaji, yaani kukigeuza kitenzi kuwa nomino: "utunzaji wa mazingira ni nguzo yetu". Neno "utunzaji" halina nafsi, halina wakati, wala halina idadi. Nguzo imesimama, ila aliyeisimamisha hajulikani.

Nafasi ya tatu ni kiambishi hu- cha mazoea. Kiambishi hiki hakichukui kiambishi cha nafsi wala hakitaji wakati maalumu: mimi hupanda, sisi hupanda, wao hupanda. Ndicho kiambishi kinachopendwa na methali, kwa kuwa methali hudai ukweli usio na tarehe. Kauli "hutunza mazingira katika shughuli zetu zote" inajivika sauti ya methali, ilhali mwanafunzi anataka kujua kilichofanyika mwaka jana na nani alikifanya. Pendekezo kwa mwajiri ni kutumia nafsi ya kwanza wingi au kutaja idara inayohusika: "idara yetu ya maji itafanya hili". Mwanafunzi akijiunga na idara hiyo, ahadi hiyo itakuwa kazi yake.

4.2 Wakati

Njeo na hali katika kitenzi ni ushahidi. "Tumepunguza" inataja tendo lililotimia, "tunapunguza" inataja linaloendelea, na "tutapunguza" inataja lililo mbele. Tangazo lenye viambishi vya -ta- pekee humwonyesha msomaji mwajiri asiye na jana. Tangazo lenye -me- pekee linaonyesha mwajiri aliyefika, ambaye pengine hahitaji msaada wa kijana yeyote. Lililo bora huvichanganya: tulichokwisha kufanya, tunachoendelea nacho na tulichobakisha. Sehemu hiyo ya mwisho ndiyo inayompa mwanafunzi nafasi ya kuingia.

Hali kadhalika, muda wa ahadi unapaswa kukaribiana na umri wa msikilizaji. Kampuni kadhaa kubwa ulimwenguni, na nchini Kenya Safaricom ikiwa miongoni mwao, zimetangaza azma ya kufikia sufuri halisi ya hewa ya ukaa ifikapo mwaka 2050. Yaani kutotoa hewa hiyo zaidi ya kiasi kinachoweza kufyonzwa. Azma ya aina hiyo ina tarehe, na hilo ni jema. Hata hivyo mwanafunzi aliyezaliwa mwaka 2003 atakuwa na umri wa miaka 47 itakapotimizwa. Anayemlenga mwanafunzi huyo hana budi kuigawa safari ndefu katika vituo: itafanyika nini katika miaka miwili ya kwanza ya ajira yake, na yeye atashika sehemu ipi.

4.3 Kiasi na Mahali

Takwimu bila mahali haziaminiki, na mahali bila takwimu hapapimiki. Mfano mzuri ni miti. Kauli "tumepanda miti 10,000" ina kiasi, lakini mkazi wa Ukambani atauliza maswali mawili. La kwanza: miti gani? Mukau, mti wa asili wa nchi kame wenye mbao ngumu ambao umefanyiwa utafiti na Taasisi ya Utafiti wa Misitu ya Kenya katika kituo chake cha Kitui, si sawa na mkaratusi, ambao watu wengi wanaulaumu kwa kunywa maji mengi. La pili: mingapi imeshika? Kupanda ni tendo la siku moja mbele ya kamera. Kushika ni jambo la misimu miwili ya kiangazi. Kitenzi "kushika" kingewekwa mahali pa "kupanda", matangazo mengi yangepunguza tarakimu zake na kuongeza waumini wake.

4.4 Msamiati

Maneno kadhaa hutumiwa na waajiri kama kwamba yana maana moja, na kila moja lina uzito wake. Lengo ni kitu kinachokusudiwa na kinaweza kukoswa. Azma ni nia thabiti iliyo moyoni. Ahadi humfunga aliyeitoa kwa aliyepewa. Nadhiri ni ahadi anayoiweka mtu kwa Mungu wake. Wajibu ni jambo lisilo na hiari. Mwajiri anayesema "lengo" halafu akashindwa hajavunja ahadi. Anayesema "ahadi" halafu akashindwa ana deni la kueleza. Ni heri kutaja lengo na kuliita lengo kuliko kulivika jina la ahadi.

Neno linalohitaji uangalifu zaidi ni "kujitolea". Katika matangazo mengi hukutwa kauli "tumejitolea kwa uendelevu". Kwa msemaji wa kawaida wa Kiswahili, kujitolea ni kufanya kazi bila malipo au kujitoa mhanga kwa ajili ya jambo. Mwanafunzi anayesoma tangazo la kazi lenye neno hilo anaweza kuuliza, na ana haki, kama kuna mshahara. Nalo neno "uendelevu" limeshika katika maandishi ya serikali na ya wasomi, lakini linahitaji kufasiriwa linapotua Salama. Inatosha kusema "kutumia maji ya leo bila kumnyima maji mtu wa kesho". Baada ya hapo neno litatumika bila kikwazo.

Rangi nayo ni msamiati. Mabango ya mazingira huonyesha vilima vya kijani kibichi mwaka mzima. Katika Ukambani kijani ni rangi ya msimu. Mukau hupukutisha majani wakati wa kiangazi, na hakuna anayesema umekufa. Picha ya bwawa la mchanga katikati ya ardhi kavu, lenye watu wanaoteka maji, humweleza kijana wa huko mambo mengi kuliko msitu wa mbali asioujua.

5.0 Ulinganishi wa Matangazo Mawili

Ili kuudhihirisha mjadala uliotangulia, matangazo mawili yametungwa kwa ajili ya uchambuzi huu. Kampuni inayozungumza ndani yake ni ya kufikirika, na takwimu zake pia ni za kufikirika. Ichukuliwe kuwa ni kiwanda cha kusindika maembe, zao linalostawi sana Makueni.

Tangazo la kwanza: "Sisi ni kampuni inayojivunia kujitolea kwa uendelevu. Mazingira hutunzwa katika kila hatua ya shughuli zetu, na kesho ya kijani inajengwa kwa ajili ya vizazi vijavyo. Jiunge na familia yetu leo!"

Tangazo la pili: "Kiwanda chetu huosha maembe kwa maji mengi. Mwaka 2023 tulitumia lita nane kwa kila kilo. Mwaka 2024 tulishuka hadi lita sita. Tunaahidi kufika lita nne kabla ya Desemba 2027. Maji machafu bado hatujaweza kuyasafisha yote. Sehemu yake hubebwa kwa lori hadi mahali panaporuhusiwa. Tunatafuta mhitimu wa kemia au wa uhandisi wa maji atakayeifanya kazi hiyo pamoja nasi, kwa mkataba na mshahara uliotajwa hapa chini. Mwombaji anakaribishwa kuja kuona mabwawa yetu ya maji taka Ijumaa yoyote kabla hajaleta barua yake."

Tangazo la kwanza lina sentensi tatu zenye sauti tamu. Mtenda amefichwa mara mbili: kwa hu- iliyoambatana na kauli ya kutendwa katika "hutunzwa", na kwa kauli ya kutendwa katika "inajengwa". Hakuna kiasi, mahali wala tarehe. Neno "familia" nalo linaahidi undugu ambao mkataba hauutaji. Hapa panafaa methali isemayo uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti.

Tangazo la pili halina sifa hata moja ya kujisifu. Lina nafsi ya kwanza wingi, lina wakati uliopita na ujao, na lina kipimo ambacho mtu yeyote anaweza kukiuliza. Jambo lenye nguvu zaidi ni neno "bado". Kwa kukiri upungufu, kampuni imefanya mambo mawili kwa mpigo: imemfanya msomaji aziamini zile takwimu nzuri, na imemwonyesha kazi inayomngoja. Mwaliko wa Ijumaa ni uthibitisho wa nia ya kweli anayoitaja Searle, kwani asiye na nia ya kweli hafungui lango. Ikirejelewa hoja ya Jones na wenzake, mwombaji atahisi pia kwamba kampuni inayosema ukweli kuhusu maji yake taka inaweza kumwambia ukweli kuhusu mshahara wake.

6.0 Njia za Kuifikisha Ahadi

Lugha nzuri hupotea ikipitia njia mbaya. Njia iliyozoeleka ni ripoti ya mwaka. Mwaka 2021 Soko la Hisa la Nairobi lilitoa mwongozo wa kuzisaidia kampuni zilizoorodheshwa kutoa taarifa kuhusu mazingira, jamii na utawala. Taarifa hizo kwa kawaida huandikwa kwa Kiingereza na humlenga mwekezaji. Ni nadra mwanafunzi kuzisoma, na ni nadra zaidi mzazi wake kuzisoma. Hata hivyo mzazi ana sauti katika uamuzi wa kijana wake. Ifahamike kwamba Katiba ya Kenya ya 2010 iliitambua lugha ya Kiswahili kuwa lugha ya taifa na pia lugha rasmi. Kuandika muhtasari wa kurasa mbili kwa Kiswahili si hisani kwa msomaji, ni kumtambua.

Njia ya pili ni redio. Vituo vitangazavyo kwa Kikamba, kama vile Musyi FM na Mbaitu FM, huingia katika nyumba ambamo ripoti haiingii. Faida yake ni kwamba msikilizaji anaweza kupiga simu na kuuliza swali mbele ya jirani zake. Mwajiri anayekubali kuulizwa kwa namna hiyo amejifunga zaidi kuliko anayelipia tangazo la sekunde thelathini.

Njia ya tatu, ambayo ndiyo yenye nguvu zaidi, ni mwanafunzi aliyekwisha kufika. Wanafunzi wengi hutumwa kwa mafunzo ya nyanjani kwa miezi michache kabla ya kuhitimu. Anayerudi chuoni huulizwa na wenzake kilichoko huko, na jibu lake hushinda bango lolote. Kwa sababu hiyo, kampuni haina budi kumwonyesha mwanafunzi wa mafunzo mahali palipo pagumu: kwenye jaa, kwenye bomba, kwenye daftari la matumizi ya maji. Akifichwa huko na kupelekwa kupiga picha na miche, atarudi na habari ya kufichwa.

Hapa mwethya unatoa funzo. Katika mwethya, ahadi ya kuja kuchimba tuta haikuhitaji karatasi, kwa sababu kila mtu alimwona aliyekuja na jembe. Ada ya mja hunena, muungwana ni vitendo. Mwajiri wa leo ana wafanyakazi mamia na shughuli zilizotawanyika, hivyo hawezi kuonekana na kila mtu kwa macho. Lugha yake ndiyo inayochukua nafasi ya macho hayo, na kwa hiyo inapaswa kumwezesha msomaji kujua ni nani amekuja na nani hakuja.

7.0 Nafasi ya Mwanafunzi wa Kiswahili

Mara nyingi mjadala wa ajira na mazingira huachiwa wanasayansi na wanabiashara. Uchambuzi huu unaonyesha kuwa sehemu yake muhimu ni ya isimu. Mwanafunzi wa Kiswahili anaweza kuajiriwa kutafsiri, kuhariri au kuandika matangazo ya aina hii. Akipewa sentensi yenye "utunzaji" na "kujitolea", kazi yake haiishii katika kuisanifisha. Anapaswa kumwuliza mwajiri: nani, nini, wapi, kiasi gani, lini? Mara nyingine ataambiwa kwamba majibu hayapo. Hapo atakuwa amegundua kwamba hapakuwa na ahadi ya kutafsiri, na atalazimika kuamua kama atakubali kalamu yake itumike kuujaza utupu huo.

Uamuzi huo si mwepesi kwa mhitimu anayehitaji mshahara. Hata hivyo atakumbuka kwamba tangazo atakaloliandika litasomwa na mdogo wake aliye chuoni, na kwamba mto unaotajwa ndani yake una jina.

8.0 Hitimisho

Makala yamejadili lugha ya ahadi za mazingira kwa kuutazama ukanda wa Salama. Imebainika kwamba mwanafunzi wa huko si msomaji mgeni wa suala la mazingira. Amelelewa kwenye matuta, kwenye visima vya mchanga na katika mabishano ya makaa. Anayetaka kumvutia hana haja ya maneno makubwa. Anahitaji kitenzi chenye mtenda, kipimo chenye mahali, tarehe iliyo karibu, na ujasiri wa kusema "bado".

Inapendekezwa kwamba waajiri waandike muhtasari wa ahadi zao kwa Kiswahili chepesi na kuufasili kila msamiati mpya. Watofautishe wazi kati ya wanachotakiwa na sheria na wanachokiahidi kwa hiari yao. Wataje kila mwaka ahadi ambazo hazikutimia na sababu zake. Na wafungue malango yao kwa wanafunzi kabla ya kuwaomba barua. Kwa upande wao, vyama vya wanafunzi wa Kiswahili vinaweza kuandaa warsha za kuyachambua matangazo ya kazi yanayobandikwa katika mabewa yao, kwa kutumia vipengele vilivyojadiliwa katika sehemu ya nne. Kijana atakayeijua njia ya kulisoma deni hilo atajua pia siku ya kulidai.